Mbunge Akirudi Kutoka Kongamanoni



Kila ifikapo Novemba, katika mji wa Anchorage, jimbo la Alaska huko Marekani, hukutana watu wa mafuta, watu wa migodi, wavunaji wa misitu na wenye meli za uvuvi. Mwenyeji wao ni Baraza la Uendelezaji wa Rasilimali la Alaska, lililoundwa mwaka 1975. Wabunge wa jimbo hilo nao huwa ukumbini. Wakirudi makwao, baadhi yao huwaandikia wapiga kura wao barua: nilikwenda kongamano fulani, nimesikia mradi huu umefikia hapa, bomba lile limekwama pale, na msimamo wangu ni huu.

Barua hiyo ndiyo nataka tuizungumze leo, kwa sababu kwetu Afrika Mashariki mbunge husafiri, hurudi, na mara nyingi habari ya safari yake tunaipata kwa picha tu.

Alaska ni pana kuliko Tanzania na Kenya zikiunganishwa, lakini sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu 733,391 tu. Bunge lake lina wajumbe 60: 40 katika Baraza la Wawakilishi na 20 katika Seneti. Kwa hiyo mwakilishi mmoja anabeba watu kama elfu 18. Kenya, kwa sensa ya 2019 na majimbo yake 290 ya uchaguzi, mbunge mmoja anabeba wastani wa watu zaidi ya laki moja na sitini. Mwakilishi wa Alaska anaweza kukutana na mpiga kura wake dukani na akaulizwa pale pale, mbele ya watu.

Makao makuu ya jimbo, Juneau, hayafikiki kwa gari. Hakuna barabara inayouunganisha mji huo na sehemu nyingine za jimbo. Unapanda ndege au unapanda meli. Mvuvi wa Bethel au mama wa Kotzebue, miji ya mbali, hawezi kutoka asubuhi akaenda kumwona mbunge wake akiwa kazini. Ndiyo maana bunge hilo likafungua ofisi za habari katika miji mingi ya jimbo, na likajenga utaratibu wa wananchi kutoa maoni kwa simu. Kamati inakaa Juneau kujadili muswada wa kodi ya mafuta, na mwenyekiti anaita: tumsikie mwananchi wa Nome. Sauti inaingia ukumbini kutoka kilomita zaidi ya elfu moja. Anapewa dakika mbili au tatu, anasema lake, na linaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Mimi mtu wa redio naliheshimu sana jambo hili. Ni sauti tu, bila nauli, bila suti, lakini mbunge analazimika kunyamaza na kuisikiliza.

Sasa, kwa nini watu hawa wana shauku ya kujua mbunge wao alisikia nini kongamanoni? Jibu langu ni kwamba wanajua mali inayozungumzwa ni yao, na wamewahi kuishika mkononi.

Mwaka 1968 mafuta mengi sana yaligunduliwa Prudhoe Bay, kwenye pwani ya kaskazini kabisa. Septemba 1969 jimbo likanadi vitalu na kupata takriban dola milioni 900 kwa siku moja. Zilikwenda kwenye matumizi ya kawaida ya serikali, na miaka michache baadaye watu wakaanza kuulizana zimeishia wapi. Swali hilo ndilo lililozaa hatua ya mwaka 1976, wakati wa Gavana Jay Hammond, wananchi walipopiga kura kubadilisha Katiba yao. Tangu hapo angalau asilimia 25 ya mrabaha wa mafuta na madini huingia kwenye Mfuko wa Kudumu, na mtaji wake hauguswi bila wananchi kurudi kwenye sanduku la kura. Mwaka 1982 kila mkazi aliyestahili, mkubwa kwa mtoto, alilipwa gawio la kwanza: dola 1,000. Gawio hilo limeendelea kutolewa kila mwaka hadi leo, na mfuko wenyewe umevuka dola bilioni 80.

Mtu aliyepokea gawio kwa jina lake haulizi habari za mafuta kama mgeni. Bei ya pipa ikishuka anajua. Mtiririko wa bomba la kilomita 1,300 kutoka Prudhoe Bay hadi bandari ya Valdez ulifika kilele mwaka 1988, mapipa kama milioni mbili kwa siku, na leo hauifikii hata robo ya hapo. Anajua pia kwamba gawio la 2025 lilikuwa dola 1,000 zile zile za mwaka 1982, wakati mkate na mafuta ya taa havina tena bei ya 1982. Mbunge akimwandikia, anamwandikia mtu anayeifahamu hesabu.

Sisemi mambo yao yote ni mazuri. Gawio limeleta ugomvi wake: kila mwaka bunge linavutana, fedha ziende kwa wananchi moja kwa moja au ziende shuleni, na wagombea wengine huomba kura kwa kuahidi gawio nono bila kusema litatoka wapi. Tena kuna historia chungu zaidi. Mwaka 2006, bunge lilipokuwa likibadilisha kodi ya mafuta, bosi wa kampuni ya VECO, iliyokuwa ikifanya kazi za visimani, alipanga chumba namba 604 katika Hoteli ya Baranof, hatua chache kutoka bungeni. Wabunge waliingia na kutoka. Hawakujua kwamba makachero wa FBI walikuwa wameficha kamera humo ndani. Agosti mwaka huo ofisi za wabunge zikapekuliwa, na mwaka uliofuata bosi huyo akakiri mahakamani kwamba aliwahonga. Wabunge kadhaa walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani.

Kwa hiyo barua ya mbunge haitoshi kama inaeleza mazuri ya mkutano tu. Mkutano ulioandaliwa na makampuni utasema lugha ya makampuni: ajira, uwekezaji, fursa. Mbunge aliyelipiwa chumba na chakula akirudi na maneno yale yale, anakuwa amebeba ujumbe wa mwenyeji wake na kuuleta kwa wapiga kura. Sheria ya maadili ya bunge la Alaska inamtaka mbunge aliyegharimiwa safari kwa dola 250 au zaidi aieleze kamati ya maadili nani amemlipia. Nadhani hata dola 250 ni nyingi. Jina la mlipaji lingekaa mstari wa kwanza wa barua.

Tuchukue gesi, maana hapo Alaska na sisi tunakutana sokoni. Kaskazini mwa Alaska iko gesi ya takriban futi za ujazo trilioni 35, ambayo kwa miaka yote hii hurudishwa ardhini ili isukume mafuta juu. Mpango wa kuisafirisha kwa bomba hadi Nikiski, igeuzwe kuwa kimiminika na kuuzwa Asia, umekuwa ukikadiriwa kugharimu kama dola bilioni 44. Juni 2025 viongozi watatu wa ngazi ya waziri wa serikali ya Marekani walikwenda Alaska, wakafika Prudhoe Bay na kuhudhuria kongamano la nishati la gavana mjini Anchorage, wakiwa na wageni kutoka Asia, kuunadi mradi huo.

Tanzania nayo ina gesi ya futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa chini ya bahari kuu, na mradi wa kiwanda cha kuigeuza kimiminika huko Lindi umetajwa kwa dola bilioni 42. Wanunuzi wanaotazamwa ni hao hao wa Asia. Mei 2023 ilitangazwa kwamba mazungumzo kati ya serikali na makampuni yamekamilika, kisha miaka miwili ikapita bila saini. Wakazi wa Likong'o, huko huko Lindi, walihamishwa kupisha kiwanda wakalipwa fidia, na kiwanda hawajakiona. Nani amekwenda kuwaeleza kilichosemwa kwenye makongamano ya nishati, Dar es Salaam na ng'ambo?

Hatuhitaji kukumbushwa gharama ya ukimya. Mei 2013 watu wa Mtwara walifunga maduka kufuatilia bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikisomwa Dodoma. Waliposikia bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam halina mjadala tena, mji ukawaka, na watu wakapoteza maisha. Hoja yao dhidi ya bomba hilo ilikuwa na majibu, ya kukubali au ya kukataa, ambayo yangetolewa uwanjani miezi mingi kabla. Yalicheleweshwa hadi siku ya hotuba.

Kenya, kwa Sheria ya Petroli ya 2019, imetenga asilimia 5 ya mapato ya serikali kwa jamii inayoishi yalipo mafuta na asilimia 20 kwa kaunti. Ni hatua kubwa. Lakini asilimia haimfikishii mfugaji wa Lokichar, yalipo mafuta hayo, taarifa. Lazima mtu aje aketi naye, kwa Kiturkana, amweleze kampuni gani imeuza hisa kwa nani na kisima kimefikia wapi.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili. Kabla ya hapo waheshimiwa watakuwa wamepita kwenye makongamano kadhaa. Mbunge wa Lindi, wa Mtwara, wa Kilwa, wa Geita, karatasi moja inatosha, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na isomwe redioni: nilikwenda wapi, nani alinilipia, niliambiwa nini, niliuliza nini, na nitapiga kura vipi. Kipindi hiki kiko tayari kuisoma neno kwa neno, bila malipo, kwa mbunge wa chama chochote.