Kujiajiri Baada ya Kupunguzwa Kazini



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya kujiajiri, nanyi mmefika wengi kuliko viti vilivyopo. Baadhi yenu mmekwisha kupokea barua ya kupunguzwa kazini, wengine mnaingoja. Hatutaanza na mitaji wala na miradi ya kuku, kwa maana hotuba za namna hiyo mmezisikia, na mara nyingi kutoka kwa watu ambao mishahara yao haijakatika. Tutaanza na karatasi mbili.

Ndugu mmoja wa parokia yetu, fundi umeme, alitumika miaka 14 katika kiwanda kimoja. Aliitwa ofisini pamoja na wenzake, wakaambiwa kwamba watu wanapunguzwa. Siku hiyohiyo akawekewa mezani hati mbili. Ya kwanza ilisema kwamba ameondoka kwa hiari yake na hana dai lolote. Ya pili ilikuwa mkataba: Jumatatu angerudi kwenye mashine zilezile, kwa saa zilezile, chini ya msimamizi yuleyule, ila sasa akiitwa “mtoa huduma anayejitegemea”. Akatafute namba ya mlipakodi, na kila mwisho wa mwezi alete ankara. Likizo hakuna, mchango wa NSSF hakuna, na siku atakayougua hatalipwa. Alitujia jioni akiwa na furaha, akatuonyesha hati ile ya pili kama mtu aliyepata kazi. Nasi, yafaa tukiri, tulimpongeza. Tulikuwa hatujaisoma.

Tulipoisoma tuliona kwamba huko si kujiajiri. Ni kuajiriwa kulekule, kasoro haki. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, imelitazama jambo hili kwa macho makali. Haiulizi mkataba umempa mtu jina gani. Huuliza anafanyaje kazi. Je, namna yake ya kufanya kazi, au saa zake, hupangwa na mwingine? Je, ni sehemu ya taasisi ile? Je, hutegemea riziki yake kwa huyo mmoja tu, au humfanyia kazi huyo peke yake? Je, hupewa zana na huyo? Je, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Likiwapo hata moja kati ya hayo, mtu huyo hudhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Fundi wetu alikuwa nayo karibu yote.

Sasa turudi kwenye hati ya kwanza, maana ndiyo iliyotutia hofu zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, haimruhusu mwajiri kupunguza watu kwa kuwashtukiza. Hana budi kutoa taarifa ya kusudi lake, kueleza sababu, na kushauriana kabla ya kuamua: kama kuna njia ya kuepusha upunguzaji, ni vigezo gani vitumike kuwachagua wanaoondoka, na ni lini. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku zisizopungua 28, au malipo badala yake. Aliyetumika mwaka mmoja na zaidi hudai kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, lakini miaka ihesabiwayo haizidi 10. Hapo fundi wetu alisikitika, kwa kuwa miaka yake 14 humpa siku 70 tu, si 98. Ni kidogo. Hata hivyo ni zake, pamoja na fedha za likizo ambayo hakuichukua na cheti chake cha utumishi.

Liko na jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, mwanachama wa NSSF aliyepoteza ajira na ambaye amechangia miezi isiyopungua 18 anaweza kupata fao la kukosa ajira, yaani theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Aliyeacha kazi kwa hiari hapewi. Mnaona basi uzito wa maneno yale mawili, “kwa hiari”, yaliyoandikwa katika hati ya kwanza na mtu mwingine.

Tusieleweke kwamba twawazuia kujiajiri. La hasha. Twataka mjiajiri kweli, na kwa majina yenu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, mtu asiye na kazi inayotambulika alipokamatwa mjini kama mzururaji. Pengine ndiyo sababu hata leo wengi wetu tukisikia “kujiandikisha” huwaza kukimbia. Lakini asiyeandikishwa hawezi kupewa kazi na ofisi, shule au hospitali, maana hizo hulipa kwa ankara yenye namba ya mlipakodi.

Namba hiyo hutolewa na TRA bila malipo. Anayewadai fedha kwa ajili yake anawaibia. Jina la biashara husajiliwa BRELA. Mtu afanyaye biashara kwa jina lake kamili halazimiki kulisajili, lakini akiongeza neno lolote, kama vile “na Wanawe”, hana budi. Nanyi mfahamu kwamba jina la biashara si kampuni: deni la biashara ni deni lako, na kitanda chako kimo ndani yake. Halafu hufuata leseni ya biashara, na kwa kazi nyingine leseni ya fani. Fundi umeme, kwa mfano, hupewa ya kwake na EWURA.

Ofisi ikikulipa kwa huduma, hukata asilimia 5 kama kodi ya zuio. Wengi hudhani wameibiwa, wakagombana na mhasibu. Daini hati ya makato hayo mkaitunze, kwa sababu hupunguzwa katika kodi yenu ya mwaka. Na andikeni hesabu, hata katika daftari la shule. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mama mwenye duka dogo aliyeuza kwa shilingi 6,000,000 kwa mwaka alitozwa 100,000 kama hana kumbukumbu. Akiwa nazo, alitozwa asilimia 3 ya kilichozidi 4,000,000, yaani 60,000. Daftari lile limempa shilingi 40,000.

Fundi wetu hakutia sahihi. Alirudi na wenzake wawili, wakaomba mashauriano kwa maandishi, wakalipwa haki zao baada ya wiki tano za kuzungushwa. Baadaye alijisajili. Miezi miwili ya mwanzo alitengeneza pasi za majirani, na mke wake ndiye aliyelisha nyumba kwa vitumbua. Sasa hufanya kazi katika mashine ya kusaga, nyumba mbili za wageni, na, msicheke, kiwanda kilekile, wanapomwita, kwa bei anayoitaja yeye.

Anayeona ameachishwa isivyo haki hupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo huanza kuhesabiwa tangu kuachishwa, si tangu siku mliyosikia hotuba hii. Kwa hiyo, walio na barua zenye tarehe za mwezi huu wabaki sasa hivi, tuzisome pamoja. Wengine leteni kesho barua, hati za mishahara na mkataba wowote mliopewa, hata kama mmekwisha kuutia sahihi.