Mwanga Wako Usiwe Kiwi cha Mwenzako

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosikika redioni Jumapili iliyopita)



Juma hili nataka tuzungumze juu ya taa za mbele za magari yetu. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi na wenye magari, na kwamba mtu wa kupanda basi hayamhusu. Yanamhusu sana. Tangu mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya marufuku ya miaka mingi, ndugu zetu wengi wanapita Chalinze, Mikumi na mlima Kitonga gizani, wakiwa wamesinzia vitini. Usalama wao umo katika macho ya mtu mmoja, naye ni dereva. Na macho ya dereva huyo yamo mikononi mwa kila anayekuja mbele yake akiwa amewasha taa.

Kiwi cha macho sote tunakijua. Taa kali inapokuja unaona weupe mtupu, na gari likishapita unaona weusi mtupu. Jicho lililokwisha kuzoea giza likipigwa na mwanga huhitaji muda kurudi katika hali yake. Kwa mtu mwenye umri mkubwa muda huo ni mrefu kuliko kwa kijana, na kwa mwenye mtoto wa jicho ni taabu zaidi, kwa sababu mwanga hutawanyika ndani ya jicho lenyewe.

Sasa tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Tuseme dereva ametiwa kiwi kwa sekunde tatu tu. Amekwenda mita 66 bila kuona. Anayemjia naye, kwa mwendo huohuo, amekwenda mita 66. Kwa hiyo wamesogeleana mita zaidi ya 130, na mmoja wao ni kipofu. Ndani ya mita hizo huenda kuna lori lililoharibika, na yale majani ya miti ambayo utingo ameyatandaza barabarani kuwa ndiyo onyo. Huenda kuna mwenye baiskeli asiye na taa, au mama mwenye nguo nyeusi anayetembea ukingoni. Pale Mikumi huenda kuna nyati.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wapenda taa kali hawalifikirii. Yule unayemtia kiwi ndiye aliyeshika usukani wa gari linalokuja kwako. Barabara zetu kuu nyingi ni za njia mbili, na kinachokutenganisha naye ni mstari wa rangi tu, tena mahali pengine umekwisha kufutika. Ukimpofusha dereva huyo umejiletea mwenyewe gari lisilo na macho. Basi hata asiyemjali jirani yake, na ajijali nafsi yake.

Simlaumu mtu anayetaka kuona vizuri usiku. Magari yetu mengi yamefika hapa yakiwa yamekwisha kutumika, na taa zake zimechoka. Mwenye gari anaona barabara haionekani, anakwenda madukani, anauzia fedha yake globu iliyoandikwa kwamba ni kali mara tatu, anafungiwa kwa dakika kumi, na usiku ule anafurahi kwa sababu ukuta wa jirani unang'aa. Lakini taa ya gari haipimwi kwa ukuta wa jirani. Inapimwa kwa mahali inapoutupa mwanga wake.

Tuiangalie globu ya kawaida iitwayo H4, ambayo imefungwa katika magari mengi ya hapa. Ndani yake mna nyuzi mbili, mmoja wa taa kubwa na mwingine wa taa ya chini. Chini ya ule uzi wa taa ya chini pana kikombe kidogo sana cha chuma. Kazi ya kikombe hicho ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya lile bakuli linalong'aa ndani ya taa, maana mwanga ukifika huko hurushwa juu, moja kwa moja katika macho ya anayekuja. Bakuli lote limetengenezwa kwa hesabu ya mahali uzi ulipo. Uzi ukihama milimita moja au mbili, mwanga nao unahama.

Sasa ukichomoa globu hiyo ukachomeka ya zenoni, umeweka mahali pa uzi mwale wenye umbo jingine na mwanga kama mara tatu zaidi, ndani ya bakuli lisiloujua. Zenoni si kitu kibaya. Ilianza kufungwa katika magari kiwandani mwaka 1991, lakini ilikuwa na taa yake maalumu, na kanuni za Ulaya zikadai gari la namna hiyo liwe na mtambo wa kuishusha taa lenyewe linapobeba mzigo, na kifaa cha kuosha kioo cha taa. Mambo hayo hayamo katika boksi la kuuzwa dukani.

Globu za LED nazo ni hivyohivyo. Nyingi vijitaa vyake vimebandikwa pande mbili za kipande cha chuma, wala mwanga hautoki pande zote kama katika uzi. Ziko zilizotengenezwa kwa uangalifu. Ujerumani, kwa mfano, mwaka 2020 ilianza kuruhusu baadhi yake barabarani, lakini kwa aina za magari zilizotajwa moja moja baada ya kupimwa. Hiyo ni tofauti na ile ya bei rahisi inayodai kwamba inafaa gari lolote. Rahisi mara nyingi huwa ghali, na hapa ughali wake analipa mtu mwingine.

Wako pia wanaofunga globu za wati 100 kwa 90 mahali pa zile za wati 60 kwa 55. Taa mbili za chini za kawaida huvuta amperi tisa hivi, na hizo kubwa huvuta kama 15. Waya ni uleule mwembamba. Matokeo yake soketi huyeyuka, fedha ya bakuli hubabuka, na baada ya miezi michache taa inakuwa hafifu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ukibahatika, huunguzi gari.

Je, mtu afanye nini? Nimekaa na mafundi umeme wa magari mara nyingi, na nimewaona wenye ujuzi wakifuata mpango ambao hauna gharama kubwa.

Kwanza husafisha. Taa za siku hizi zina uso wa plastiki, na jua letu huugeuza kuwa wa manjano na ukungu. Mwanga ukipita humo hupungua, na unaobaki hutawanyika ovyo na kutia kiwi. Uso huo husuguliwa kwa msasa laini sana wenye maji, kisha hupigwa polishi na kupakwa dawa ya kuukinga na jua. Wanaotumia dawa ya meno hupata nafuu ya muda mfupi tu. Lakini kama bakuli la ndani limekwisha kubabuka, dawa yake ni kununua taa nyingine.

Pili hupima umeme. Injini ikiwa inanguruma, betri hupata volti kama 14. Fundi akipima nyuma ya globu taa ikiwa imewaka, anapaswa kukuta karibu kiasi hichohicho. Katika gari lililozeeka hukuta pungufu, kwa kuwa umeme umepita katika waya mrefu, swichi iliyochoka na viungo vyenye kutu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba umeme ukipungua sehemu moja ya kumi, mwanga wa globu ya uzi hupungua karibu sehemu tatu za kumi. Nimepata kushuhudia gari kuukuu likiongezewa mwanga bila kubadilishiwa globu hata moja. Fundi alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akatia fyuzi na rilei, waya wa zamani ukabaki wa kuamrisha rilei tu. Mwenye gari alidhani amewekewa taa mpya.

Tatu huweka globu mpya ya aina ileile na wati zilezile, kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, yenye alama ya herufi E ndani ya duara. Mwanga wa bluu usikudanganye. Unaonekana wa kisasa, lakini humuumiza macho anayekuja kuliko ule wenye umanjano, na hausaidii kuona katika mvua wala vumbi.

Nne, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, huielekeza taa. Kazi hii unaweza kuikagua mwenyewe. Tafuta mahali pa tambarare penye ukuta. Jaza upepo sawasawa katika magurudumu, na mtu mmoja akae kiti cha dereva. Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, weka alama mkabala na kitovu cha kila taa. Kisha rudi nyuma mita tano na uwashe taa za chini. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya alama zako kwa sentimita tano hivi, na upande unaoinuka uwe wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Ikiwa sivyo, skrubu za kurekebisha ziko nyuma ya taa. Baada ya hapo kumbuka kwamba ukijaza watu na magunia nyuma, pua ya gari huinuka na taa huinuka nayo. Magari mengi yana kitufe cha kuzishusha karibu na usukani, na wenyewe hawajui ni cha nini.

Nimesema upande wa kushoto kwa sababu sisi huendesha kushoto. Magari yanayotoka Japani yanatufaa kwa hilo, maana nao huendesha kushoto. Lakini gari lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, hata likihamishwa usukani, taa zake huinua mwanga upande wa kulia, yaani machoni pa anayekuja. Dereva wa lori anayevuka Rusumo kuingia Rwanda naye akumbuke kwamba kule wanaendesha kulia, na taa zake zilizokuwa njema Ngara sasa zinawapiga wenzake machoni.

Na zile taa za spoti zinazofungwa juu ya kabini au kwenye chuma cha mbele? Zifungwe ziwake pamoja na taa kubwa tu, na zizimike taa kubwa zinaposhushwa. Mwenye kuziwasha katikati ya mji, penye taa za barabarani na mwendo wa kilomita 50, anajionyesha tu. Hata bodaboda wanaofunga taa za kumetameta nawasihi waache. Anayetiwa kiwi na pikipiki hawezi kukadiria iko umbali gani, na kati ya wawili hao anayeumia kwanza ni mwenye pikipiki.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Dereva yuleyule anayelalamika kwamba amemulikwa, nyuma yake utakuta naye anamulika, tena anasema analipiza. Kulipiza kiwi kwa kiwi ni kuwafanya vipofu wawili wakutane. Ukimulikwa, punguza mwendo, tazama mstari wa kushoto wa barabara, usiitazame taa, na uache apite.

Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu mwaka 1973, na kila Wiki ya Nenda kwa Usalama magari hukaguliwa na kubandikwa stika. Ombi langu kwa wakaguzi wetu ni moja. Wasitosheke kuuliza kama taa inawaka. Waulize pia inamulika wapi. Ukuta uliopakwa chokaa, mstari mmoja wa rangi na futi kamba vinatosha kabisa kuanzia. Na kwa wenye maduka ya vipuri naomba hivi: anapokuja mteja na kulalamika kwamba haoni usiku, kabla hamjamwonyesha globu kali, mwambieni akapime umeme na kusafisha taa zake. Mtapoteza mauzo ya siku moja. Lakini huenda usiku huohuo mwanao yumo katika basi litakalokutana na gari hilo.

Kwa leo naishia hapo, ndugu wasikilizaji. Jioni ya leo, kabla hamjalala, wenye magari tafuteni ukuta. Hadi juma lijalo, kwaherini.