Nani Atatutengenezea Vipindi? Televisheni Tanzania tangu 1973



Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili katika Jamhuri yetu, na wanahistoria wa habari hawana desturi ya kuyaweka pamoja. Zanzibar ilifungua kituo cha televisheni, tena cha rangi tangu mwanzo, wakati ambapo Afrika Kusini, pamoja na migodi na viwanda vyake vyote, haikuwa na huduma rasmi ya televisheni hadi Januari 1976. Mwaka huohuo, Tanzania Bara iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Karibu watu milioni mbili walikusanyika kwa vikundi vijijini, wakasikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao.

Nchi ilikuwa moja na mwaka ulikuwa mmoja, lakini majibu yalikuwa mawili kwa swali la namna serikali inavyozungumza na wananchi wake. Jioni ya leo nataka tuyaangalie yote mawili kwa heshima, kwa sababu kila moja lina deni ambalo bado tunalilipa.

Uamuzi wa Zanzibar ulikuwa wa Mzee Abeid Amani Karume. Visiwa vilikuwa na fedha za karafuu, eneo lenyewe ni dogo, na mnara mmoja uliojengwa mahali pazuri ungeweza kufikia sehemu kubwa ya Unguja. Karume aliuawa Aprili 1972, hakuiona picha ya kwanza. Kituo kikazinduliwa chini ya Mzee Aboud Jumbe. Taarabu, maigizo, hotuba na mawaidha vikapata sura. Hata pwani ya Bara, waliokuwa na seti na antena ndefu waliweza kuinasa Zanzibar kutoka ng'ambo ya maji.

Bara tulikataa. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, kwa hiyo haikuwa kwamba hatukujua. Mwalimu Nyerere aliona kwamba chombo hicho kingekuwa starehe ya wachache wa mjini, kikigharimiwa na wakulima ambao hata umeme hawana. Wapo wanaoucheka uamuzi huo sasa. Mimi naona ulikuwa na msingi. Redio ya betri ilifika mahali ambapo waya wa umeme ulikuja kufika miaka thelathini au arobaini baadaye, na kwingine bado haujafika. Ningekuwa waziri mwaka 1973, nikiwa na shilingi hizohizo, ningezipeleka kwenye Mtu ni Afya.

Hasara ipo, lakini haiko pale tulipozoea kuitafuta. Tulizungumza sana juu ya kukosa seti na minara, na vitu hivyo hununuliwa, hufungwa, na ndani ya mwaka mmoja vinafanya kazi. Kilichopotea kwa miaka 21 ni ufundi. Mwandishi wa mchezo wa televisheni hujifunza kwa kuandika mchezo wa arobaini baada ya kuharibu thelathini na tisa. Ni hivyohivyo kwa mhariri wa picha, kwa mtu wa taa, kwa mwongozaji anayejua lini aisogeze kamera na lini aiache. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa 1968, ilitoa kazi kama Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970, lakini filamu chache kwa muongo mzima haziwezi kulea kizazi cha mafundi. Redio Tanzania ilikuwa na waandishi hodari wa michezo ya kuigiza, ila wao walijifunza kuandika kwa ajili ya sikio.

Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, seti na deki za video ziliingia Bara kabla ya kituo chochote cha huko. Kwa takriban miaka kumi, mtazamaji wa Bara alikuwa na skrini isiyokuwa na nchi yake ndani. Alitazama sinema za Kihindi, za Hong Kong na za Marekani, kwenye mabanda ambako baadaye walizuka watafsiri wa kuzisimulia kwa Kiswahili. Basi Sheria ya Huduma za Utangazaji ilipopitishwa 1993, na vituo vya CTN, DTV na ITV vikaanza 1994, swali la kila siku studioni lilikuwa moja: tuonyeshe nini saa mbili usiku?

Jibu la haraka lilikuwa kununua. Kipindi cha nje kiligharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya kutengeneza chetu, kwa hiyo tukapewa Isidingo kutoka Afrika Kusini, tamthilia za Amerika ya Kusini, na baadaye za Ufilipino. Siwalaumu wenye vituo. Walikuwa wanalipa mishahara kwa matangazo ya sabuni na ya bia, na serikali haikuwapa senti.

Jibu la pili lilitoka kwa wasanii wenyewe, na hapa naomba nikae kidogo. Mambo Hayo na michezo ya kundi la Kaole kwenye ITV ilitengenezwa na watu waliokuja na kile walichonacho. Nyumba ya kuigizia iliazimwa, nguo zilitoka kabatini kwa mwigizaji, mazungumzo mengi yalibuniwa hapohapo kutokana na mwongozo mfupi wa hadithi, na malipo yalikuwa madogo kama yalikuwepo. Ukitazama vipande vilivyobaki, utasikia kelele za mtaani zikiingia kwenye sauti na utaona kivuli cha mtu pembeni. Lakini utasikia pia mama mkwe akizungumza kama mama mkwe wa Magomeni anavyozungumza, na mwenye nyumba akidai kodi kwa maneno ambayo wapangaji wa Dar es Salaam waliyajua kwa moyo. Ndiyo maana watu waliacha shughuli zao na kukaa kitako. Kaole wakatoka Steven Kanumba, Vincent Kigosi na Blandina Chagula, na wao ni miongoni mwa walioijenga tasnia ya filamu za Kibongo bila ruzuku ya mtu. Hiyo ndiyo shule ya televisheni tuliyokuwa nayo. Ilijengwa na wanafunzi wake.

Serikali nayo iliingia, ikichelewa. Televisheni ya Taifa ilianza mwishoni mwa muongo wa 1990, ikaunganishwa na redio chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania mwaka 2002, kisha ikawa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Majina yalibadilika upesi kuliko bajeti.

Kwenye siasa, televisheni ilituonyesha mapema inachoweza. Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe, wagombea urais Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo walikaa pamoja wakaulizwa maswali mbele ya kamera. Tangu hapo jambo hilo limekuwa adimu. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Sikubaliani na uamuzi ule, na nasema hivyo hapa kwa uzito wote. Chombo cha umma kina kazi chache zinazozidi umuhimu wa kumwonyesha mpiga kura mbunge wake akiwa kazini, saa ileile anayofanya kazi hiyo.

Kisha ikaja dijitali. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu, kabla ya Kenya, Uganda na Rwanda. Zamani kituo kilimiliki mnara wake na masafa yake. Sasa hupeleka picha kwa kampuni yenye mtambo wa kusambaza, na masafa yaliyobeba kituo kimoja yanabeba zaidi ya kumi. Bei ya nafuu hiyo ilimwangukia mtazamaji, aliyelazimika kununua king'amuzi, na wengi wakaongeza cha pili. Mwaka 2018, chaneli za ndani za bure zilipoondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia, kuna nyumba zilizokuwa na visanduku viwili chini ya seti moja.

Mkitaka kuona watazamaji wako tayari kulipia nini, nendeni Jumamosi ya Simba na Yanga kwenye kibanda umiza chochote cha Mbagala au Buza. Nje kuna ubao wa chaki wenye jina la mechi na saa. Ndani kuna mabenchi, feni moja, mashabiki wa pande mbili wamebanana, na kila mmoja amelipa mlangoni. Soko la picha ya Kiswahili liko pale, na wenye mitaji wameliona: mwaka 2021 kampuni ya utangazaji ya Azam iliingia mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa haki za Ligi Kuu. Sina kinyongo na mpira. Fedha hizo zimelipa wachezaji na zimetufundishia wapiga picha wa viwanjani.

Lakini tamthilia inagharamiwa na nani? Kazi ndefu zenye bajeti, kama Huba, zimetengenezwa kwa ajili ya Maisha Magic Bongo, chaneli ya kulipia ya kampuni iliyoanzia Afrika Kusini. Waandishi wetu wamekomaa humo, nami nafurahi. Hata hivyo, asiyeweza kulipia kifurushi anabaki na mijadala, muziki na marudio.

Ndiyo maana pendekezo langu halihusu minara. TBC na Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC) zitengewe fungu la kuagiza tamthilia na makala kutoka kwa watayarishaji binafsi, kwa zabuni ya wazi, fungu lisilohamishwa kwenda kwenye mafuta ya magari wala posho. Kazi zirushwe bure, na haki za kuziuza nje zibaki kwa aliyetengeneza ili apate mtaji wa kazi inayofuata. Mkataba umlipe mwandishi wa muswada kwa hatua, kuanzia anapokabidhi mpangilio wa hadithi. Wahitimu wetu wa uandishi wanaacha fani wakiwa na vipaji kamili, kwa kuwa wanaambiwa wasubiri kipindi kipate mdhamini ndipo walipwe, na mdhamini huja baada ya miezi minane, au haji kabisa.