Pang'ae au Pavimbe: Mada kwa Vinyozi wa Runzewe Kuhusu Vipele vya Ndevu



Nimeombwa nizungumzie vipele vya ndevu, na nianze na lawama: sisi vinyozi tunavitengeneza wenyewe. Mteja akikaa kitini anasema, "Toa zote, pang'ae." Nasi kwa kuogopa atahamia saluni ya jirani, tunavuta shavu kwa kidole gumba na kupitisha wembe mara tatu, mara nne. Anaondoka anang'aa. Siku chache baadaye shingo imejaa vipele, na anayelaumiwa ni wembe.

Wembe wenyewe mara nyingi hauna kosa. Ndevu zetu za kipilipili zimejikunja tangu shinani. Ukizikata huku umevuta ngozi, ukiachia tu, unywele unazama ndani na ncha yake imechongoka. Ukianza kuota unajipinda na kuichoma ngozi kama mwiba, na mwili unavimba kupambana nao. Nyembe za kisasa zenye makali mawili matatu huongeza balaa: la kwanza linauvuta unywele, la pili linaukata chini zaidi. Moja tu linatosha. Tatizo hili la vipele si dogo. Jeshi la Marekani lililazimika kuwapa askari wengi weusi ruhusa ya daktari ya kutonyoa.

Sasa maji. Mchimbaji aliyetoka duarani, yaani shimoni kwenye machimbo, na vumbi lake usimguse na wembe. Anawe kwanza, kisha mwekee taulo la maji ya moto dakika mbili au tatu. Unywele ukinywa maji unalainika, na mkono hauhitaji nguvu. Najua ndoo ya maji ni hela, lakini chupa moja ya chai iliyojaa maji ya moto inahudumia wateja kadhaa. Sabuni ya kufulia iachieni nguo, inakausha ngozi.

Papasa kwa kidole kabla ya kunyoa. Shavuni ndevu hulala kuelekea chini. Shingoni hugeuka, nyingine hulala pembeni, nyingine hupanda juu. Fuata zinakolala, pitisha mara moja, acha ngozi ilegee. Ukimaliza, maji ya baridi. Spiriti ni ya kusafishia mashine, si ya kupaka shingoni. Sijui nani alitufundisha kwamba mteja asipoguna hajanyolewa.

Wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho ya mteja. Hapo sina mjadala: virusi vya UKIMWI na homa ya ini havihitaji damu nyingi.

Aliyekwisha kuvimba apumzishe wembe wiki tatu au nne. Mpitishie mashine, ibaki kama milimita moja, wala usimchokonoe kwa pini. Mwenye vinundu vigumu kisogoni aende hospitali, maana hayo ni makovu yanayokua.

Mteja atalalamika kwamba hujamaliza. Mwambie kabla hajakaa kwamba ndevu kidogo zitabaki, si baada ya kunyanyuka, vinginevyo mtagombana bei.

Chupa ya chai iko pale, wembe mpya huu hapa. Mwenyekiti wetu amekubali kutoa shingo yake. Sogeeni tuone ndevu zake zinalala wapi.