Juu ya listi ya majina na mabati
Maneno yaliyosomwa mbele ya mukutano wa wanachama, Lusangi, mwezi wa 12, 2024



Kamati ilitutuma tuseme leo juu ya jambo moja tu, juu ndilo linatupasua. Toka mwezi wa 10, watu wa politiki wamefika hapa mara tatu kutafuta sahihi. Wamoja wanataka tuseme Katiba ibadilishwe. Wengine wanataka tuseme isiguswe. Upande mumoja waliahidi mabati ya nyumba yetu ya mikutano. Upande wa pili walileta kofia na vikwembe, wakasema feza itafuata. Nani alileta nini, hatutasema, kwa sababu mwisho wake walituomba kitu kimoja: listi ya majina ya wanachama wote, pamoja na namba za kadi za kuchagulia.

Kamati ilijibu hapana kwa wote wawili. Tunajua kuna wenye kunung'unika. Tumesikia: «Kamati inakatala mabati, na mvua inatunyeshea.» Basi ni haki yenu kuelezwa.

Tuanze na Katiba yenyewe. Watu waliipigia kura mwezi wa 12 mwaka wa 2005, ikatangazwa tarehe 18 mwezi wa 2, 2006. Wengi kati yetu tulikuwa bado Tanzania, Lugufu ao Nyarugusu, tukaisikia kwa redio. Kipengele cha 220 kinakataza kugusa hesabu ya manda za Rais na urefu wake. Manda ni mbili, kila moja miaka mitano. Ndiyo ugomvi wote.

Sasa angalieni namna watu walivyoimba juu ya kipengele hicho kimoja. Mwaka wa 2013 Évariste Boshab, aliyekuwa mukubwa wa PPRD, alitoa kitabu kizima juu ya kubadilisha Katiba. Mwezi wa kwanza 2015, serikali ya Kabila ilipeleka Bungeni sheria ambayo ingefanya uchaguzi ungoje kwanza watu wahesabiwe katika inchi nzima. Mwenye kujua barabara zetu alielewa palepale: kuhesabu Kabambare peke yake, kijiji kwa kijiji, ingekula miaka. Watu waliingia barabarani, Kinshasa na Goma, na zaidi ya 40 waliuawa. Seneti ikaondoa maneno yale. Wakati ule UDPS ilikuwa upande wa wale waliokuwa wanapigwa risasi, na ilisema 220 haiguswi na mutu yeyote. Ilikuwa na haki. Halafu manda ya Kabila ikaisha mwezi wa 12 mwaka wa 2016, na uchaguzi ukafanywa tarehe 30 mwezi wa 12, 2018. Miaka miwili ya bure, hakuna aliyeipigia kura.

Leo viti vimegeuka. Tarehe 23 mwezi wa 10 mwaka wa 2024, Rais Tshisekedi akiwa Kisangani alisema Katiba hii iliandikwa na wageni, haitufai, na kwamba ataweka tume ya kuiangalia. Na nani anasimama mbele kuilinda? PPRD! Watu walewale wa mwaka wa 2015, sasa wanalia juu ya 220 kama vile ni mutoto wao wa kwanza. Na wale waliozika wandugu zao juu ya 220 wanatuambia ni karatasi tu, inaweza kuandikwa upya. Maneno ni yaleyale, walibadilishana midomo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wamesahau. Mwezi wa kwanza 2011, upande wa Kabila ulibadilisha kweli Katiba, si 220, ila namna ya kuchagua Rais: toka duru mbili ikawa duru moja. Wapinzani walikataa, wakasema ni wizi uliopangwa mbele. Katika uchaguzi wa 2018, Félix Tshisekedi alitangazwa kuwa mushindi kwa 38.57% tu, katika duru moja. Kama duru mbili zingekuwa bado, angepaswa kurudi mbele ya watu mara ya pili. Hatujasikia mutu wa UDPS akilalamika juu ya duru moja toka siku ile.

Na madepite wetu? Hapa tutakaa kidogo, juu hapa ndipo panauma. Katika uchaguzi wa 2018, FCC ya Kabila ilipata zaidi ya viti 300 kati ya 500. Huku wengi wetu tulimupigia kura Ramazani Shadary, tukisema ni mutoto wa Kasongo, na tukachagua madepite waliopiga picha pamoja naye. Tarehe 10 mwezi wa 12, 2020, Bunge lilimuondoa Jeanine Mabunda, spika wa FCC, kwa kura 281 juu ya 200. Tarehe 27 mwezi wa 1, 2021, liliangusha serikali ya Ilunga Ilunkamba, wa FCC vilevile, kwa kura zaidi ya 360. Fanyeni hesabu kama tunavyofanya ya likelemba. Ukikusanya CACH na Lamuka yote pamoja, hawafiki 200. Zingine zilitoka wapi? Zilitoka kwa watu waliokuja huku kutuambia Tshisekedi ni adui wa Maniema. Waliamka asubuhi, wakajiita Union Sacrée. Mwaka wa 2023 wamoja wao walirudi tena kutuomba kura, na kikwembe cha rangi ingine.

Mutu atasema: lakini tukiwa na mutoto wetu juu, tutakula. Tulikuwa nao. Kabila alikaa miaka 18 kwenye kiti, na watu wa Kabambare walimuhesabu kuwa mutoto wa dada yao. Matata Ponyo wa Maniema alikuwa Waziri Mukuu toka 2012 mupaka 2016. Shadary alikuwa waziri wa mambo ya ndani. Muende barabara ya Kasongo mupaka Kabambare wakati wa mvua, murudi mutuambie mulichokula. Mwanamuke mwenye kuzaa kwa shida anabebwa kwa kipoyi chini ya hawa, na anabebwa kwa kipoyi chini ya wale. Namoya, kule Salamabila, zahabu ilitoka wakati wa Kabila na Mai-Mai walipiga. Wakati wa Tshisekedi Mai-Mai walipiga tena, na Banro ikasimamisha kazi mwaka wa 2019. Waliokimbia Salamabila na kulala kwetu hawakuuliza nani ni Rais.

Mumoja wa wandugu zetu, aliyetolewa Nyarugusu akapelekwa Marekani, alitucheka kwa simu. Alisema: «Munafikiri ni kwenu tu?» Alituelezea kwamba mwaka wa 2016 muzuzi mukubwa alikufa, na Warepublican wa Seneti wakakatala mutu wa Obama, Merrick Garland, juu uchaguzi uko karibu, watu waseme kwanza. Mwaka wa 2020, muzuzi mwingine akafa, uchaguzi umebakiza majuma machache, wakamupitisha Amy Coney Barrett haraka. Na Wademokrati, waliosema mwaka wa 2016 kwamba Seneti inapaswa kupiga kura, walisema mwaka wa 2020 ni lazima kungoja. Ndugu yetu anasema kule wengi wamechoka na vyama vyote viwili, lakini wanapika, wanakula, wanaenda kazi. Hakuna anayewanyima maziko. Kwetu jambo hili linaingia mupaka ndani ya kaburi, na ndiyo sababu ya maneno haya.

Kwa maana sikieni. Toka watu wa sahihi walipofika, wanachama 11 waliacha kutoa feza ya kila mwezi, juu wanasema mutunza-feza ni mutu wa upande ule. Mama mumoja aliyefiwa na mume alipewa nusu ya musaada wa maziko, kwa sababu sanduku lilikuwa nusu. Mume wake hakuwa na chama chochote. Kule kambini tulisimama mustari mumoja kungojea unga, na aliyekuwa nyuma yako alikutunzia nafasi ukienda kuchota maji. Hatukuulizana.

Na hiyo listi, musiifikirie ni karatasi ya mabati. Inaonyesha nani alirudi, mwaka gani, toka wapi, anakaa kijiji gani, shamba lake liko na ugomvi ao hapana. Kati yetu wako waliokimbia mara ya kwanza juu jina lao lilisomwa kwenye karatasi. Mwenye kuomba majina leo kwa sahihi, kesho kiti kikigeuka karatasi itakuwa mukononi mwa nani? Yeye mwenyewe hajui.

Basi kamati imekata hivi. Listi itabaki ndani ya sanduku la chuma, funguo mbili, kwa watu wawili, kama mbele. Kila mwanachama yuko huru kutia sahihi pale roho yake inapenda, kwa jina lake na mukono wake, si kwa jina la chama chetu wala ndani ya mukutano wetu. Mama mufiwa atamaliziwa nusu yake mbele ya mwisho wa mwezi. Wale 11 tutawafikia nyumbani, kila mumoja, bila makelele. Ninyi wafazili, feza yenu ya mbegu na ya maziko haikuguswa, na kitabu kiko wazi kwa yeyote atakayefika.

Juu ya nyumba: tutaezeka majani kwa sasa. Siku ya posho, saa moja ya asubuhi, tunaenda kukata. Kila mutu alete mupanga na kamba. Na juu ya kofia, jua litakuwa kali: mutu avae ile iko nayo.