Seva Mpya na Mvuke wa Olkaria

Mfugaji wa Ewuaso Kedong, Kenya, akiuza mbuzi na kulipwa kwa M-Pesa, hesabu hupigwa na seva. Hadi 2015 seva hizo zilikuwa Ujerumani. Kisha zikaletwa Kenya. Seva zenyewe nazo zinabadilika: kampuni ya chipu ya AMD inasema prosesa yake ijayo ya seva, Venice, itafikisha viini (sehemu za kuchakata) 256, kutoka 192 vya toleo la 2024. Sawa, lakini hiyo ya 192 tayari hula hadi wati 500, tena chipu moja tu. Mimi ningeuliza kwanza umeme utatoka wapi. Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa dola bilioni 1, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data Olkaria, kaskazini mwa Kedong, kilichopangwa kuendeshwa kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Maji ya kupozea mitambo, katika bonde hili kame la Kedong, wafugaji wayaulizie mapema.