Fundo Ndilo Linalobeba Mtu
Hotuba kuhusu usalama wa kamba kwa wakazi wa Kibera na Kawangware



Katika mitaa hii kamba ni chombo cha kazi. Kuna vijana wanaochimba mashimo ya vyoo, na mafundi wa mjengo wanaopandisha ndoo za zege ghorofani. Mara nyingi uhai wa mmoja hutegemea fundo lililofungwa na mwenzake.

Wengi hununua kamba nene wakadhani wamemaliza. Lakini kamba ikizidiwa, kwa kawaida hukatika pale penye fundo. Kamba inapokunjwa kwa kona kali, nyuzi za nje huvutwa kupita kiasi huku za ndani zikilegea. Watu wanaoshuka mapangoni kwa kamba wamelipima jambo hili. Fundo la kawaida la kupitisha mara moja huweza kupunguza nguvu ya kamba kwa thuluthi moja au zaidi. Fundo la nane huacha takriban robo tatu. Yaani kamba ya kubeba kilo 1,000 hubaki na uwezo wa kilo 750 hivi, hata ikiwa mpya.

Fundo la nane halina ugumu. Kamba hukunjwa iwe mbili. Ile ncha ya mkunjo huzungushwa nyuma ya kamba, ikaletwa mbele, kisha ikaingizwa kwenye tundu la kwanza. Umbo la 8 likionekana, livutwe hadi likaze. Mkia uachwe mrefu angalau mara kumi ya unene wa kamba: kamba ya milimita 12 iachwe mkia wa sentimita 12. Kisha mtu wa pili alikague.

Fundo la kufungia kifurushi lisiunganishe kamba mbili za kubeba mtu, kwa maana huweza kufunguka lenyewe. Manila iliyopauka kwa jua, au iliyochanika kwa kusugua ukingo wa mawe, itolewe kazini. Kamba isifungwe kiunoni pekee, kwani mtu akining'inia hubanwa pumzi. Avae mkanda wa usalama unaoshika mapaja na mabega.

Mchimbaji afungwe kamba kabla hajashuka, si baada ya kuanguka. Shimo la choo huweza kuwa na hewa yenye sumu, na anayeruka ndani kumwokoa mwenzake huweza kuzimia pia. Kamba iliyofungwa vizuri huwawezesha walio juu kumvuta bila mwingine kuingia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Kwa hivyo kibarua anayeuliza kuhusu kamba hadai fadhila.

Ajali ikitokea, piga 999 au 112 mara moja, na asishuke mtu mwingine.